Hewa Inayokula: Mwongozo wa Kuishi na Oksidisho

Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma haikaliki tena, walibaki na mzigo mmoja mzito: meli Graf von Götzen. Ilikuwa imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na huko ikaungwa upya. Kuiacha ni kumzawadia adui. Kuilipua ni hasara, kwa kuwa walitumaini kurudi. Basi wakaizamisha kwa adabu: mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kila kona, kisha wakaishusha chini ya maji karibu na mdomo wa Mto Malagarasi.

Hawakurudi. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na walipoichunguza walikuta injini na boila bado zinafaa. Mwaka 1927 ikaingia kazini kwa jina jipya, Liemba, na watu wa mwambao wa ziwa hilo wameipanda vizazi kwa vizazi.

Miaka minane majini, na mitambo haikuliwa. Mafundi wale hawakuwa na dawa ya ajabu. Walijua jambo ambalo mwenye nyumba wa Tanga, mama lishe wa Kariakoo na mkulima wa muhogo wa Mtwara wanalihitaji kila siku: chuma huliwa na hewa ikisaidiwa na maji, na asiyetaka kiliwe huweka kitu katikati. Bahati nayo iliwasaidia, maana maji ya Tanganyika ni matamu. Katika bahari ya Hindi hadithi ingekuwa nyingine. Kwa hiyo swali la kwenda nalo katika kurasa hizi, kuanzia paani hadi jikoni, ni lile la mafundi wa Kigoma: kati ya kitu hiki na hewa, kuna nini?

Jirani anayeazima asirudishe

Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, takribani 21 ni oksijeni. Tabia yake ni moja: ina njaa ya elektroni, zile chembe ndogo zinazozunguka kila atomu. Ikikutana na chuma, huvuta elektroni zake. Ikikutana na mkaa wenye moto, hufanya vivyo hivyo. Ikigusa mafuta ya alizeti yaliyoachwa wazi dirishani, huanza kazi ileile polepole. Kupokonywa huko ndiko wanakemia wanakokuita oksidisho, na kitu kipya kinachozaliwa, oksijeni ikiwa imejifunga humo ndani, huitwa oksidi. Kutu ni oksidi ya chuma iliyochanganyika na maji. Hewa ukaa ni oksidi ya kaboni.

Jina limetokana na oksijeni kwa sababu yeye ndiye mwizi maarufu zaidi, lakini si peke yake. Klorini hupokonya. Salfa hupokonya. Mkufu wa fedha unaopoteza mng'ao na kuwa mweusi, kwa mfano, umeporwa hasa na salfa iliyomo kwenye jasho, kwenye mayai na kwenye hewa ya jiji.

Aliyefumbua macho ya watu kuhusu haya ni Mfaransa, Antoine Lavoisier. Alipima. Alichoma metali ndani ya vyombo vilivyozibwa na kuonyesha kwamba metali iliyoungua huongezeka uzito, na kilichoongezeka kimetoka hewani. Mwaka 1777 akaipa gesi hiyo jina la oksijeni. Kisha, pamoja na mwenzake Laplace, alimweka simbilisi katikati ya chombo chenye barafu, akapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mnyama yule, akalinganisha na ile iliyoyeyushwa na mkaa unaowaka. Matokeo yakamfikisha kwenye wazo ambalo hata leo linashangaza mtu akilitafakari vizuri: kupumua ni kuungua polepole. Ugali wa mchana na mkaa wa jikoni huishia njia moja, isipokuwa ugali hauna haraka. (Mwaka 1794 Lavoisier alikatwa kichwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kilichomponza hakikuwa kemia. Alikuwa mmoja wa wakusanya kodi waliochukiwa.)

Karibu na kwetu kuna ushahidi wa zamani zaidi wa elimu hii, ingawa haukuandikwa kwa herufi. Wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Nyanza, walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri za udongo karibu miaka 2,000 iliyopita. Mawe ya chuma tunayochimba ardhini ni oksidi, yaani chuma ambacho kimekwisha kuliwa. Mhunzi alichofanya ni kukinyang'anya oksijeni yake: alijaza mkaa, akavukuta, na mkaa wenye njaa zaidi ukaichukua oksijeni ukaondoka nayo kwa njia ya moshi. Kilichobaki ni chuma. Kwa hiyo jembe linapoota kutu shambani halijaugua ugonjwa wa kigeni. Linarudi kwao, lilikotolewa kwa nguvu ya moto. Udongo mwekundu unaowapaka rangi tembo wa Tsavo una rangi hiyo kwa sababu hiyohiyo: umejaa oksidi ya chuma.

Nyumba ya pwani

Chuma hakioti kutu kwa hewa kavu. Kinahitaji na maji, japo utando wa unyevu usioonekana kwa jicho, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi utando huo hujitengeneza wenyewe. Dodoma hupata nafuu sehemu kubwa ya mwaka. Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hazina nafuu hiyo, tena zina chumvi. Upepo wa bahari huibeba na kuitua kwenye mageti, mabati na nyavu za madirisha. Chumvi huvuta unyevu, na maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo wizi unakwenda mbio.

Tuanze na paa, kwa kuwa ndilo linalomeza fedha nyingi. Bati la kawaida ni chuma kilichovishwa zinki, na zinki hiyo hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kufunika. Ya pili ni ya kiungwana zaidi: zinki huachia elektroni zake kirahisi kuliko chuma, hivyo hata bati likichunika kidogo, zinki ya pembeni huliwa kwanza na chuma husalimika. Ni kaka anayejitanguliza. Akiisha yeye, zamu ya mdogo inafika, na hapo ndipo wekundu wa kutu unapoonekana.

Dukani, basi, usiulize bei peke yake. Uliza geji, ukikumbuka kwamba namba ikipanda unene hushuka: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la 30 kuliko la 28. Uliza pia limevishwa nini. Mabati yenye mchanganyiko wa alumini na zinki kwa kawaida huvumilia hewa ya bahari kuliko yenye zinki tupu. Fundi akipanda juu, hakikisha anatumia misumari ya bati iliyovishwa zinki na yenye vizibo vyake, wala si msumari mtupu uliookotwa kwenye mbao za zege. Chenga za chuma zinazoruka wakati wa kukata bati zifagiliwe siku hiyohiyo. Zikilala juu ya paa wiki moja, kila chenga huacha doa jekundu, na mwenye nyumba hulaumu kiwanda. Majani ya mwembe yaliyorundikana mferejini hushika maji kama sponji. Yaondolewe kabla ya vuli na kabla ya masika.

Ubaya wa nondo hauonekani, na ndiyo maana unatisha zaidi. Nondo ndani ya zege lililopigwa vizuri hailiwi, kwa sababu saruji ina ualkali mkali unaoijengea nondo utando mwembamba wa oksidi, utando unaoshikamana na kuziba njia. Oksidi inailinda nondo dhidi ya oksidisho! Lakini chumvi ikipenya hadi hapo, utando hutoboka. Kutu inayotokea hujaa na kutaka nafasi mara kadhaa, hata mara sita, ya ile iliyochukuliwa na chuma chenyewe, na kwa kuwa ndani ya nguzo hakuna nafasi ya ziada, inajitafutia kwa nguvu: zege linapasuka kwa mstari unaofuata nondo, kisha linabanduka vipande. Anayepita kwenye majengo ya zamani yanayotazama bahari ataona nguzo zilizobaki mifupa.

Chanzo cha maradhi haya mara nyingi huwa siku ya kwanza ya ujenzi. Mchanga wa ufukweni haugharimu kitu, upo jirani, na umejaa chumvi; zege lake limebeba muuaji tangu tumboni. Maji ya kisima chenye chumvi nayo ni vivyo hivyo. Nunua mchanga wa mtoni, na maji yawe ya kunyweka. Pili, simamia unene wa zege linalofunika nondo. Karibu na bahari usikubali pungufu ya sentimita 4, na 5 ni bora. Njia ya kuupata si kukadiria kwa macho, ni kuweka vipande vidogo vya zege kati ya nondo na mbao, vile ambavyo mafundi wengi huviita biskuti. Fundi atakayesema kwamba plasta itafidia baadaye apewe chai, aelezwe kwa upole kwamba haitafidia. Tatu, mwagilia zege maji siku saba za mwanzo angalau, lisikauke kwa haraka na kuacha vinyufa.

Geti na madirisha ya chuma ni kazi ya mikono ya mwenye nyumba mwenyewe, Jumamosi moja. Kupaka rangi mpya juu ya kutu ni kuifunika tu. Itaendelea kula chini ya blanketi. Sugua kwa brashi ya waya, malizia kwa msasa hadi chuma king'ae, futa vumbi na chumvi kwa kitambaa chenye maji matamu, acha pakauke kabisa, futa tena kwa tina, kisha paka siku hiyohiyo ile rangi ya awali nyekundu ambayo mafundi huiita redoksaidi. Wengi hawajui kwamba wekundu wake ni oksidi ya chuma, nduguye kutu. Imekwisha kushiba oksijeni, haina tena cha kuporwa, ndiyo maana inafaa kusimama mlangoni. Juu yake paka mikono miwili ya rangi ya mafuta. Maungio ya kuchomelea na sehemu ya chini ya geti, panaporuka matope ya mvua, yapewe mkono mmoja zaidi.

Wenye vyombo vya chuma baharini wana dawa yao: vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye mwili wa meli chini ya maji, viliwe vyenyewe badala ya meli, halafu vibadilishwe. Wazo hilo lilianza na Mwingereza Humphry Davy mwaka 1824, alipotaka kunusuru mabati ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za kivita. Kemia ilimkubali, bahari ikamkataa: shaba iliacha kuliwa kweli, lakini kumbe ni kule kuliwa kwake ndiko kulikokuwa kunawafukuza chaza na mwani, nao sasa wakaivamia meli hadi ikapoteza mwendo. Waswahili wa visiwa vya Lamu walikuwa na suluhisho la kale zaidi. Mtepe wao ulishonwa kwa kamba za nazi, na chombo kisicho na msumari hakina cha kuota kutu.

Masufuria, shaba na fedha

Sufuria ya alumini haioti kutu, na watu hudhani ni kwa sababu alumini hailiwi na hewa. Inaliwa sana. Alumini iliyokwaruzwa huvaa oksidi kwa kufumba na kufumbua. Ila oksidi hiyo, tofauti na kutu, haibanduki. Hukaa kama ngozi na kuizuia hewa isiendelee. Jikoni, adui wa ngozi hii ni wawili: vitu vichachu na vitu vyenye ualkali. Mchuzi wa ukwaju, nyanya au ndimu upikwe kwenye sufuria ya alumini ukipenda, lakini usilazwe humo. Majivu, kwa kuwa yana ualkali, hung'arisha sufuria kwa kuichuna, na sufuria inayosuguliwa kwa majivu kila siku huishia kuwa nyembamba na kutoboka mapema. Sabuni na kitambaa vinatosha. Weusi unaobaki ndani baada ya kuchemsha maji hauna madhara.

Kikaango cha chuma cha chapati kinataka kinyume chake: kisioshwe kwa sabuni na kuachwa kijikaushe. Kikiwa kipya, kipashe moto, pakaa mafuta ya kula kidogo sana, futa hadi kionekane kama hakina kitu, kisha acha kwenye moto mpaka moshi utoke na uishe. Rudia mara nne au tano. Mafuta hukutana na oksijeni kwenye joto, hujifunga yenyewe kwa yenyewe na kugeuka utando mweusi mgumu. Hapo umetumia oksidisho la mafuta kuzuia oksidisho la chuma, na chapati hazishiki.

Neno moja kwa maseremala. Mafuta ya kitani yanayopakwa kwenye mbao hukauka kwa njia hiyohiyo, yakitoa joto wakati wa kukauka. Matambara yenye mafuta hayo yakikunjwa na kutupwa kwenye pembe ya karakana, joto hukosa pa kutokea na matambara huweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yazamishwe ndani ya maji.

Panga, jembe na kisu cha chuma cheusi: osha, kausha, futa mafuta. Dakika mbili. Panga lililokwisha kuota kutu lilazwe kwenye siki usiku mmoja, asubuhi lisuguliwe, lisuuzwe, likaushwe juani mara moja na kupakwa mafuta, vinginevyo litaota upya kabla ya saa sita mchana.

Shaba ya njumu za milango ya Unguja na ya mabirika ya kahawa hugeuka kahawia, kisha kijani. Ndimu na chumvi huirudisha, na wazee wamefanya hivyo miaka yote; suuza vizuri baadaye, maana chumvi ikibaki itaanza kula tena. Fedha, kwa upande wake, isisuguliwe kabisa kama kuna njia ya upole, na ipo: tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli, weka mkufu juu yake uguse, nyunyiza kijiko cha bikabonati ya soda, mimina maji ya moto. Ndani ya dakika chache weusi hupungua, na ikitoka harufu kama ya mayai mabovu ujue salfa inaondoka. Alumini imejitolea elektroni zake ili fedha irudishiwe za kwake. Hakuna fedha iliyochunwa. Lulu na vito visitiwe humo.

Parachichi, muhogo na kikombe cha chai

Tunda likikatwa, chembe hai zake hupasuka na vitu viwili vilivyokuwa vyumba tofauti hukutana: viungo vya asili vya tunda na kimeng'enya kinachovisaidia kuungana na oksijeni. Ndiyo rangi ya kahawia kwenye parachichi, tufaha, biringanya na viazi. Haina sumu, ila haivutii. Kimeng'enya hicho hakipendi uchachu, hakipendi joto kali, na bila hewa hakina kazi. Kwa hiyo ndimu juu ya parachichi, na nailoni igandamizwe moja kwa moja kwenye nyama ya tunda badala ya kufunika bakuli tu. Kokwa lililoachwa katikati hulinda pale lilipokaa, basi. Wapishi wa Bukoba hutumbukiza ndizi majini mara tu zinapomenywa, na wana haki. Mboga za kuwekwa kwenye friza zipitishwe kwanza kwenye maji yanayochemka dakika mbili hivi, kisha kwenye maji ya baridi, kimeng'enya kife kabla ya safari ndefu.

Muhogo ni mkasa. Ukishachimbwa na kujeruhiwa, ndani ya siku mbili au tatu huonyesha michirizi ya buluu iliyokolea na nyeusi, na sokoni hauna bei tena. Ni majeraha yanayokaribisha hewa. Usivute kwa nguvu hadi mizizi ikatike. Chimba kuizunguka, na kata ukiacha kikonyo. Mkulima aliyekwisha kupata mnunuzi anaweza kufyeka mashina wiki moja au mbili kabla ya kuvuna na kuiacha mizizi ardhini. Muhogo uliotayarishwa hivyo huchelewa kuharibika. Kufunika mizizi kwa nta nako kunasaidia, kwa sababu ni grisi ya Kigoma kwa jina lingine.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo weusi huo ndio hasa unaotafutwa, na watu hulipwa kuusababisha. Jani la chai likitoka Kericho, Nandi au Mufindi ni kijani kama jani lolote. Kiwandani hunyaushwa, kisha hupitishwa kwenye mashine zinazolikata, kulichana na kulikunja, yaani kufanya makusudi kile ambacho kisu hufanya kwa biringanya kwa bahati mbaya. Majani yaliyosagika hutandazwa yapate hewa. Kwa muda wa saa moja au mbili rangi hutoka kijani, ikapita shaba, ikafika kahawia; harufu ya nyasi mbichi hupotea na harufu ya chai huzaliwa. Fundi anayesimamia hapo hutumia pua na macho kuliko saa. Akiridhika, majani huingia kwenye joto la kukaushia, kimeng'enya hufa na kazi husimama. Viwandani hatua hii bado inaitwa uchachuaji, ingawa hakuna hamira wala chachu. Jina lilitolewa kabla watu hawajaelewa kinachotokea, likaganda. Chai ya kijani ni jani lilelile lililopashwa moto mwanzoni, kabla hewa haijapata nafasi. Ukinunua majani ya chai, yafungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, mbali na jiko na mbali na karafuu, kwa sababu hunyonya kila harufu iliyo jirani.

Mafuta ya kula huliwa na hewa taratibu zaidi, na pua ndiyo kipimo. Mafuta ya alizeti na ya soya huharibika upesi. Ya nazi hudumu kwa sababu molekuli zake nyingi hazina nafasi ya kuivutia oksijeni. Ya ufuta hudumu kwa sababu ufuta umejaliwa vizuizi vyake vya asili. Mwanga huharakisha uharibifu, kwa hiyo chupa angavu iliyopangwa juani mbele ya duka, hata ing'ae vipi, isinunuliwe. Nunua ya nyuma, ya kivulini. Na unga wa dona: utamu wake na afya yake viko kwenye kiini cha mahindi, na mafuta nayo yako humohumo. Ndiyo maana dona hugeuka chungu baada ya wiki kadhaa wakati sembe iliyokobolewa kiini imekaa kimya. Dawa si kuhamia sembe. Saga kidogo kidogo.

Moto usiopata hewa ya kutosha

Hadi hapa hewa imekuwa mla vitu. Kwenye jiko la mkaa hatari hugeuka: hewa ikipungua, ndipo watu hufa.

Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha hutoa hewa ukaa. Isipopata, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi humdanganya mtu kwamba ni salama. Moshi umekwisha, gesi haijakwisha. Msimu wa baridi wa Juni na Julai, Makete, Njombe au Limuru, jiko huingizwa chumbani, dirisha huzibwa kwa kanga ili joto lisitoke, na familia hulala. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata likiwa limefunikwa majivu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Washia nje, pikia penye upepo unaopita kati ya matundu mawili. Kichwa kikianza kuuma na wenzako chumbani wakalalamika vivyo hivyo kwa pamoja, hiyo si malaria: tokeni nje nyote kwanza. Aliyezimia avutwe kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali hata akizinduka.

Jiko la gesi hutoa taarifa kwa rangi. Mwali wa buluu unapata hewa. Mwali wa njano unaopaka masizi haupati. Zima, acha lipoe, zibua matundu ya kichomeo kwa brashi.

Doa kwenye shati, wekundu kwenye ndoo

Dawa ya klorini ya kufulia na kuua vijidudu ni mporaji wa elektroni aliyefungwa kwenye chupa. Hivyo ndivyo anavyofuta madoa na kuua. Usimchanganye na siki, wala na dawa kali ya kuoshea choo, wala na mkojo: mchanganyiko hutoa gesi zinazochoma mapafu. Na usimtumie kwenye doa la kutu lililoachwa na hanga au kitufe cha chuma. Kutu imekwisha kuporwa, klorini haina cha kuichukulia, badala yake huligandisha doa. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, suuza, rudia.

Liko jambo moja la kisima linalowafanya watu wamshuku mchimbaji. Maji hutoka bombani meupe, angavu, na jioni kila mtu hufurahi. Asubuhi ndoo ina wekundu. Hakuna aliyetia kitu. Chini ya ardhi, pasipo hewa, chuma kilikuwa kimeyeyuka majini bila kuonekana. Kilipofika juu kikakutana na oksijeni, kikaota kutu humohumo ndani ya maji na kuanza kuzama. Hapa badala ya kuizuia hewa, ialike: mimina maji kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa, kwa juu ili yachukue mapovu, kisha yaache usiku kucha yatulie. Asubuhi usiitikise ndoo. Chota juu taratibu, pitisha kwenye mchanga safi au kitambaa kizito, chemsha ya kunywa kama siku zote kwa kuwa vijidudu havijali kutu, na vile vidole viwili vya matope mekundu vilivyobaki chini vikamwagiwe mgomba.